Kisigino cha Eselina

Tulipanda Kitulo Jumamosi, watoto thelathini na wanne,
juu ya lori la viazi la baba yake Luvanda,
masweta ya kijani yamelowa umande hadi viwikoni,
na mimi mwalimu wao nimekumbatia rejista
kana kwamba ukungu nao utaitika "nipo".

Bwana Mbwilo wa hifadhi alitupokea na vigingi na kamba.
Akapima mraba majanini, hatua nne kwa nne.
"Hesabuni kilichomo. Msikanyage, msing'oe.
Ua msilolijua lipeni jina lenu,
la vitabuni litakuja baadaye."

Wakahesabu. Wakatoa majina:
Kitambi cha Padri. Sikio la Panya. Shangazi Kanuna.
Tandawala akapita kule mbali kama mkaguzi wa elimu,
mikono nyuma, hana haraka, hasalimii mtu.
Mbayuwayu wa buluu akaukata upepo kwa mkasi wa mkia
na darasa zima likanyamaza
bila mimi kugonga meza.

Eselina Tweve hakuwa anahesabu.
Alikuwa amevua kiatu kimoja,
anabonyeza udongo kwa kisigino, polepole,
kama mtu anayetafuta ubao uliolegea sakafuni.
"Hapa," akasema. "Na hapa. Na pale viwili, bado havijachipua vizuri."
Bwana Mbwilo akapiga magoti, akapekua nyasi.
Kweli: jani mojamoja, changa, limejikunja kama barua.
"Nani kakufundisha?"

Swali dogo.
Sisi wa Matamba tukatazama viatu vyetu.
Maana tunavijua vigunia vinavyoshuka usiku,
na Fuso inayosubiri bila taa, safari ya Tunduma,
na bei ya debe la chikande,
na nyumba ipi imepata bati jipya mwezi gani.
Hata michango ya madawati niliyoipokea mwaka ule,
noti zikinuka udongo,
sikuuliza zimechimbwa wapi.

"Mama," akasema Eselina.
Hakusema kwa aibu. Alisema
kama unavyojibu jina la mto.

Bwana Mbwilo ana kitabu cha faini na ana kalamu.
Kalamu ilibaki mfukoni.
Alifukua kwa vidole viwili, kidogo tu, kama anayefunua mtoto aliyelala.
"Sogeeni. Viazi viwili, mnaviona?
Hiki kilichosinyaa ni cha mwaka jana,
kimeshalisha ua lake, kimechoka.
Hiki kigumu ni mwaka kesho.
Mchimbaji huondoka na kipi?"

"Kigumu," akasema Eselina, na sauti ikashuka.
"Kile laini tunakitupa."

Miaka kumi na mmoja nimechora mizizi ubaoni,
chaki ya kahawia, chaki ya kijani, mishale.
Sikuwahi kuona somo likimwingia mtu kwa kisigino,
likapanda taratibu
hadi usoni.

Alirudisha udongo mwenyewe. Akaukandika kwa kiganja.
Kiatu alikisahau, Luvanda akakimbia nacho
mvua ilipoanza, tena ile mvua ya Kitulo isiyopiga hodi,
na lori likakataa kuwaka, tukalisukuma
tukicheka, tope hadi magotini,
Bwana Mbwilo naye nyuma, kofia imelowa.

Jumatatu nilikusanya madaftari.
Swali: Mimea mingapi ndani ya mraba wako?
Luvanda, hamsini na nane. Mwingine, "mingi sana mwalimu".
Eselina aliandika sitini na tatu,
na chini yake, kwa herufi ndogo zilizobanana:
Nimemweleza mama habari ya mwaka kesho.
Amekaa kimya. Kisha ameniuliza,
sasa mwaka huu tutauza nini.

Nimeweka vyema kwenye sitini na tatu.
Hapo chini sijaweka kitu.
Leo ni Alhamisi, taa inaisha mafuta,
na kalamu nyekundu bado iko hewani.